Nywele za Marehemu

Mume wangu aliingia dukani kwangu na picha ya marehemu baba yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Mama Nekesa, ninyoe nifanane na huyu." Marehemu mwenyewe alikuwa bado mochari. Hata siku ya mazishi ilikuwa haijapangwa.

Mimi ni kinyozi. Jina langu Naliaka, Mbukusu niliyeolewa Isukha, na duka langu liko Sigalagala, karibu na lango la politekniki. Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu VINTEJI KINYOZI, maana siku hizi ukiandika kinyozi tupu vijana wanakupita kama hawakuoni. Wanataka nywele za babu zao. Sijui nani aliwaroga. Babu zao walinyolewa vile kwa mkasi mmoja na kioo kilichopasuka, kwa sababu hapakuwa na kingine, na sasa wajukuu wananiletea simu yenye picha ya karani wa wakati wa uhuru: pembeni imeshuka hadi ngozi, juu imebaki fupi na kusimama wima, na mstari mmoja umechimbwa kwa wembe kutoka kwenye paji la uso kwenda utosini. Wengine wanataka afro ya miaka ya sabini, ile ya kuingilia mlangoni kwa kuinama. Wengine wanataka boksi, nywele zilizosimama na kukatwa pembe nne kama sanduku. Dereva mmoja wa trekta la miwa alitoka Butali kuja kutengenezewa boksi refu, na nilipomaliza akagundua kwamba kofia yake ya kazi inaelea juu ya kichwa wala haifiki masikioni. Nilimwambia hiyo ndiyo vinteji yenyewe. Akafurahi, akaenda zake.

Hao siwacheki sana kwa sababu wananilisha. Mume wangu hanilishi, kwa hivyo yeye nitamcheka mpaka mwisho.

Anaitwa Shivachi. Kazi yake ni udalali wa mashamba, yaani anawaonyesha watu ardhi isiyo yake kwa sauti ya mtu aliyeizaa. Baba yake, Mzee Andati, alikuwa mkalimani wa mahakama zamani, na kichwa chake kilijulikana kutoka Khayega hadi Shinyalu. Aliuweka ule mstari akiwa kijana na hakuuondoa tena. Mitindo ilikuja, mitindo ikaondoka, yeye na mstari wake. Hata kiharusi kilipomwangusha, akalala kitandani karibu miaka mitatu akiongea nusu nusu, kila Jumamosi alikuwa akipitisha kidole kwenye nywele zake kuonyesha kwamba mstari umeanza kujaa.

Aliyemnyoa hakuwa mimi. Kwetu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hata salamu ya mkono hakuna. Basi mimi, fundi wa vichwa, nilikaa jirani na kichwa kilichonipendeza kuliko vyote, nikakitazama kwa mbali kama mtu anayetazama nyama dirishani. Niliumia, sitaki kudanganya. Nikamfundisha binti yake, Awinja, kushika mashine. Alijifunzia kwa watoto wangu, wakaenda shule wiki kadhaa wakiwa na mabaka kichwani, na mwishowe akaweza. Mstari wake ulikuwa umenyooka kuliko barabara ya Kisumu.

Awinja alikuwa ameolewa Lugari, kwa watu wa mahindi, na watu wa mahindi wakamrudisha kwa sababu hakuzaa. Alirudi nyumbani akakuta baba yake ndiyo kwanza ameanguka. Akamwosha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, akamfuta mate, akamnyoa. Hakuwa na nyumba nyingine wala mume mwingine wala shamba lingine. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba ya baba yake, na jiko la kuni, na mgonjwa.

Sasa mgonjwa alikuwa amekufa, na ardhi ya Mzee Andati ilikuwa imepakana na politekniki. Kila mtu mwenye macho aliona hosteli za wanafunzi zikiota pale. Musotsi, kaka mkubwa, aliziona akiwa Nairobi, ambako ana kampuni ambayo sijawahi kuambiwa inafanya kazi gani. Mume wangu aliziona akiwa kitandani kwangu. Ndugu hawa wawili hawakubaliani hata juu ya siku ya wiki, lakini hapo walikubaliana: shamba liuzwe kwa mtu wa hosteli, na Awinja aondoke. Walimwambia jikoni, amesimama na sufuria mkononi, mimi nikiwepo.

"Senje," Musotsi alimwambia, akimwita kama watoto wanavyomwita shangazi yao, ili maneno yapite kwa ulaini, "ikipita siku ya kunyolewa, utatafuta pahali pa kwenda. Hapa patavunjwa."

"Pahali gani?" Awinja akauliza.

"Si unajua watu Lugari?"

Awinja alimtazama, kisha akarudi kwenye sufuria. Nilitaka kumpasua Musotsi kwa mwiko. Sikumpasua, kwa sababu ni shemeji yangu mkubwa, na kwa sababu mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake akitikisa kichwa kwa kukubali kama mbuzi.

Kilichobaki kilikuwa kujua nani kati yao atakayeuza. Na hapo ndipo nywele zinapoingia. Katika boma lile kiti cha marehemu hakifuati umri. Siku ya tatu baada ya mazishi ni siku ya kunyolewa. Watu wananyolewa, wanakula, kisha wazee wanawatazama watoto wa marehemu na kutaja mmoja. Jina hilo ndilo linalofika kwa chifu, na bila chifu hakuna kuuza hata mche wa mkaratusi. Mzee Andati mwenyewe hakuwa kifungua mimba. Alipewa kiti cha baba yake kwa sababu siku ile ya kunyolewa alitokea mlangoni na bibi mmoja akapiga kelele kwamba marehemu amerudi. Hadithi hiyo imesimuliwa pale miaka yote, mpaka wanawe wakakua wakiamini kwamba ardhi inarithiwa kwa sura.

Musotsi alikuwa ameshuka kutoka Nairobi tayari na mstari kichwani. Alikuwa amenyolewa huko, kwenye duka la vinteji lenye viti vya ngozi, na juu ya hayo akachongwa masharubu membamba kama ya mzee kwenye picha. Mume wangu alipomwona, chakula hakikushuka. Ndiyo akaja kwangu.

"Hiyo ya Musotsi ni fedi ya vijana," akaniambia, huku nikimfunga shuka shingoni. "Mstari wa kuchora tu. Mimi nataka ya baba kabisa."

"Baba alikuwa na nywele mbele. Wewe paji lako la uso limefika katikati ya kichwa."

"Si wewe ni fundi? Tengeneza."

"Na ukipewa kiti, Awinja ataenda wapi?"

"Awinja ni mtu mzima. Na wewe nitakujengea salon ya kioo mbele na nyuma. Kata."

Nikakata. Nilizivuta nywele za nyuma mbele kwa chanuo na mafuta mazito, nikazikandamiza kwa taulo la moto mpaka zikasahau zilikotoka. Mahali zilipokuwa chache nikapaka rangi nyeusi kwa brashi ya viatu, mpya, nisije nikasingiziwa uchafu. Pembeni nikashusha kwa mashine hadi ngozi. Kisha nikachukua wembe kuchimba mstari, na shetani akaniambia niupindishe. Ningeweza. Ningeupeleka ukaishia juu ya sikio na mtu akasimama mbele ya ukoo mzima akiwa na kona kichwani. Lakini mkono wangu haujui kuharibu kazi, na huo ndio ujinga wangu. Nilipomgeuza kwenye kioo nikashtuka: baba mkwe alikuwa ananitazama. Nikatazama chini kwa heshima, kama ilivyo desturi, na mume wangu akadhani ninamwonea haya kwa uzuri wake.

Tangu siku hiyo alilala kifudifudi, akiwa amefungwa kitambaa changu cha kichwa.

Mazishi yalikuja na watu wengi, na ngoma za isukuti, na hotuba ndefu za watu ambao hawakuwahi kumtembelea mgonjwa. Ndugu wawili walisimama kila mmoja upande wake wa jeneza, wote wawili na mstari, wote wawili na masharubu membamba, maana usiku mmoja mume wangu alikuwa amejichongea na yeye ya kwake. Bibi mmoja aliyetoka Shinyalu alimwona Musotsi, akapiga yowe: "Andati! Andati umerudi!" Musotsi akanyoosha shingo vizuri ili wazee waone. Bibi akageuka kutafuta pa kushika, akakutana uso kwa uso na mume wangu. Yowe likakatika. Akamvuta mkono jirani yake, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani wako wangapi?"

Mume wangu hakulia. Nilimwona akimeza mate, akitazama juu, akifuta paji la uso kwa ncha ya leso kama anayemfuta mtoto mchanga. Usiku aliniambia kwamba machozi yangetoka na jasho, na jasho lingeshusha rangi. Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeeleza kwa nini hakuvaa koti. Wingu lilipotanda kaburini, yeye na kaka yake ndio waliokimbilia turubai wa kwanza. Awinja alibaki kando ya kaburi mpaka udongo ukasawazishwa.

Sasa siku ya tatu. Lazima niieleze vizuri, kwa sababu siku hizi kila mtu ananyoa kivyake. Wengine wananyoa ukoo mzima, wengine wanakata kishungi kidogo tu, na wa makanisa mengine hawanyolewi kabisa. Pale kwa Andati wanashika ya zamani: kifo kinakaa kwenye nywele za aliyemgusa mgonjwa, na asipozitoa kitakaa nyumbani humo kikimngoja mwingine. Mzee Lumadede, binamu wa marehemu, ndiye aliyesimamia. Ni mtu mfupi, mkavu, ambaye hacheki hata akitekenywa. Alisimama uani asubuhi, akasema:

"Wale walimgusa Andati akiwa mgonjwa, wakuje hapa wanyolewe. Yule hakumgusa, akae na nywele yake."

Nilimwona mume wangu akigeuka polepole kumtazama kaka yake, na kaka yake akimtazama yeye. Walikuwa wameamka mapema wote wawili kujipaka mafuta, wakitegemea kukatwa kishungi kidogo tu. Kiti kingetajwa baada ya kula. Akinyolewa sasa, mtu atasimama mbele ya wazee saa nane akiwa na kipara, na mwenzake akiwa na kichwa cha marehemu. Hesabu hiyo waliifanya pale pale, nikaiona ikipita kwenye nyuso zao.

Awinja alikaa chini wa kwanza. Kukhu Midecha, bibi wa ukoo mwingine anayefanya kazi hiyo, alifungua wembe mpya, akalowesha nywele zile kwa maji baridi, akaanza. Awinja alikuwa na nywele nyingi, ndizo pambo pekee alilobaki nalo. Zilianguka mapajani mwake na hakuzitazama. Nililia. Nimewanyoa watu wengi mpaka nikadhani nywele haziwezi kuniliza tena, lakini nililia kwa sauti, mpaka mwanamke mmoja akanipa leso.

"Musotsi," Mzee Lumadede akaita.

"Baba, mimi sikumgusa."

"Hukumgusa?"

"Mimi nilikuwanga Nairobi. Kazi ilikuwa mingi. Mara ya mwisho nilikuja Krismasi, nikasimama hapo nje kwa gari, nikampungia mkono kwa dirisha. Sikuingia."

"Na jeneza? Tulikuona umebeba."

"Nilibeba na glavu."

Mzee Lumadede alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akamwambia akae. Musotsi akakaa, akapitisha kiganja juu ya nywele zake kuhakikisha ziko salama. Na mume wangu, aliyeona kaka yake ameponyoka, hakungoja kuitwa. Aliruka.

"Hata mimi! Mimi ndiyo sikumgusa zaidi!"

Nilitamani ardhi inimeze, tena inimeze na mashine zangu zote.

"Shivachi," Mzee Lumadede akasema, "wewe unaishi hapa hapa. Nyumba yako na ya baba yako, mtu anaweza rushia mwingine chumvi."

"Ni kweli Baba, lakini sikumgusa. Nilikuwa nasimamanga mlangoni. Nasema Mzee umeamkaje, naenda kazi. Huyu Musotsi ndiye alimgusa. Hiyo Krismasi alimshika mkono kwa dirisha, niliona na macho yangu."

"Mkono gani?" Musotsi akasimama tena. "Nilimpungia! Wewe unataka ninyolewe peke yangu!"

"Ulimshika!"

"Wewe ndiye ulikuwa unamletea dawa!"

"Dawa nilikuwa namwachia Awinja kwa mlango! Hata chumba sikuwa naingia. Ilikuwa inanuka!"

Mtu mwingine angejishika mdomo. Mume wangu alikuwa mtu wa kushinda kesi, akaona shahidi yuko karibu.

"Muulizeni Awinja kama nadanganya."

Kukhu Midecha aliinua wembe. Awinja alikuwa amenyolewa nusu, upande mmoja unang'aa, upande mwingine nywele zimelowa zimelala sikioni. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka.

"Ni kweli," akasema. "Hakumgusa."

"Hata siku moja?" Mzee Lumadede akauliza.

"Siku moja baba alianguka kutoka kwa kitanda. Nikamwita aje tumwinue. Akasema kuna mteja anamngoja Khayega, na ameshavaa shati safi. Nikamwinua na mama Nekesa akishika shuka, kwa sababu yeye hawezi mshika."

"Mmesikia?" mume wangu akasema, akiwageukia watu mikono imefunguliwa. "Mmesikia sasa?" Akakaa. Akanitafuta kwa macho pale nilipokuwa kati ya wanawake, akanikonyeza.

Kukhu Midecha akamalizia upande wa pili. Alipomaliza alizikusanya nywele zote, akaenda nazo nyuma ya migomba pamoja na wembe, akachimba, akafukia. Kwa hiyo siku ile, katika watoto wote wa Mzee Andati, alinyolewa mmoja.

Tukala. Obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na mume wangu alikula vipande vya heshima kama mtu ambaye tayari ameshaapishwa. Baada ya kula, ndugu wawili wakaenda kusimama mlangoni pa nyumba ya baba yao bila mtu kuwaambia, bega kwa bega, wakisukumana kidogo kwa viwiko kila mmoja akitafuta katikati. Jua liliwapiga vizuri. Mistari yote miwili ilionekana wazi. Nitasema ukweli wa ufundi: wangu ulikuwa bora.

Mzee Lumadede aliwatazama mmoja mmoja.

"Mnafanana na yeye," akasema. "Hakuna mtu anaweza kataa. Huyo kinyozi aendelee na kazi yake."

Mume wangu akatabasamu. Musotsi akavuta tumbo ndani.

"Lakini asubuhi tuliuliza hapa nani alimgusa Andati. Mmoja akasema alikuwa kwa gari. Mmoja akasema alikuwa kwa mlango, chumba ilikuwa inanuka. Hatukuwashika kwa nguvu. Mlikuwa mnashindana kutuambia." Akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono. "Sasa niende kwa chifu niseme mwenye boma ni mtu ambaye hajui mwili wa baba yake? Atauliza nani alimzika. Nitasema nani?"

"Baba, tulizika sisi," Musotsi akasema.

"Mtu hajanyolewa hajazika."

Ndipo wakaelewa. Nilikiona kile kitu kikishuka nyusoni mwao, kikianzia Musotsi, ambaye ana akili ya haraka zaidi, kisha kikafika kwa mume wangu. Wakaanza kusema kwa pamoja kwamba basi wanyolewe sasa, wembe uletwe, hakuna shida, hata mume wangu alimgusa kidogo, sasa anakumbuka, alimshika bega. Musotsi akakumbuka kwamba ule mkono wa dirishani kweli aliushika. Mume wangu akapiga magoti pale pale na kuinamisha kile kichwa chenye rangi ya brashi, akimlilia Kukhu Midecha amwanzie yeye.

"Wembe nimezika," Kukhu Midecha akasema. Akaendelea kuondoa nyama kwenye jino.

Msidhani wazee wale walipata ghafla mwanga wa haki za wanawake. Hao ni watu ambao mwaka jana walimkataza mjane wa jirani kupanda hata viazi. Waliogopa. Boma likipewa mtu ambaye hajanyolewa, kifo kinabaki humo kinazunguka, na kifo kikizunguka boma hili hakishindwi kuvuka ua kwenda kwa Lumadede, mwenye presha na miaka mingi. Walinong'onezana nyuma ya nyumba, wakabishana, mmoja akasema mwanamke hawezi, mwingine akamwuliza kama yuko tayari kulala yeye humo ndani. Wakarudi na jina. Boma ni la Awinja, na jina lake ndilo litakaloandikwa kwa chifu, na atakayetaka kuuza atamwomba yeye. Kwa ajili ya heshima yao walimkataza asikikalie kiti chenyewe cha marehemu mbele ya watu. Kikaachwa chini ya mchirizi. Kesho yake Awinja alianika blanketi juu yake.

Yeye hakusherehekea. Alisimama tu na kitambaa kichwani, akaniuliza kama kuna maji ya kutosha ya kuosha vyombo. Nikamwambia yapo. Akaanza kucheka, akicheka na kulia, tukashikana mikono pale kwenye lundo la masufuria, mpaka wanawake wengine wakatufukuza wakaosha wao.

Musotsi aliondoka jioni hiyo hiyo bila kuaga. Mume wangu alikuja dukani kesho yake asubuhi. Mafuta yalikuwa yameisha nguvu, nywele za nyuma zimekumbuka zilikotoka zikarudi, na mbele kumebaki madoa meusi kwenye ngozi. Mstari tu ndio uliokuwa bado mzuri. Akakaa kwenye kiti, nikamfunga shuka kwa mazoea.

"Toa yote," akasema.

"Nani amekuambia ukinyolewa leo itahesabika?"

"Hakuna mtu. Nimefikiria tu. Lumadede akiniona na kipara, pengine anaweza badilisha."

Nikachukua mashine, nikaiwasha, nikaizima. Nilikuwa na hasira ya kumpiga nayo. Kisha nikamwona kwenye kioo. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ule mstari, na polepole akainua mkono, akapitisha kidole chake juu yake, kutoka mbele kwenda nyuma. Sikuwa nimemwona hivyo katika siku zote za msiba.

"Naliaka," akasema. Huwa haniiti jina. "Kichwa chake kilikuwaje? Ukikishika."

"Cha nani?"

"Cha mzee."

Niliweka mashine mezani. Nilimhurumia, nakiri, na ile huruma ikanikera zaidi ya hasira, kwa sababu ilichelewa sawasawa na alivyochelewa yeye. Ningeweza kutafuta neno la kumfariji. Wake za watu wanayo maneno hayo, wanayatoa bure kila siku.

"Sijui," nikamwambia. "Anayejua ni mtu mmoja, na wewe ulitaka kumfukuza."

Machozi yakamtoka, yakashuka na rangi nyeusi mpaka kwenye shuka langu jeupe. Mteja alikuwa amefika mlangoni. Nikamfungua lile shuka, nikamwambia ainuke aende, kiti kinahitajika.